Shamba la Kulinganisha

Mke wangu anasema nimekuwa kero. Tangu nirudishe funguo za maabara siwezi kukaa kitini mpaka chai ipoe. Natoka, nazunguka Awindiri nzima, mtaa wetu hapa Arua, nageuza majani ya mashamba ya watu kuangalia kilichojificha chini yake, narudi, natoka tena. Juzi jirani alinikuta nimeinama kwenye mihogo yake akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia sijapoteza kitu, nimestaafu. Mama Zubeda, ndiye mke wangu, akasema kama miguu inaniwasha hivyo basi niketi niwaandikie vijana wa chuo, pengine kalamu itanituliza. Mpaka sasa haijanituliza, nimeshasimama mara kadhaa kabla ya kufika hapa.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliochukua meza zetu. Sitasema nilipanda cheo lini wala nililipwaje. Hayo yamo kwenye faili, na faili lenyewe panya walishaanza kulisoma kabla yenu. Nataka kuwaambia kazi ilivyokuwa, na jambo moja la vijiji vya upande wa Inde ambalo linanifanya nisitulie hata leo.

Mimi ni Yusufu, Mkakwa wa Koboko. Nilitoka shuleni na cheti cha maabara na viatu vya kuazima, nikapewa kazi ya fundi wa utafiti katika chuo kikuu chetu. Siku ile ya kwanza nilitegemea jengo la vioo. Nikaelekezwa juu ya Arua Hill, kwenye nyumba ya zamani ya wakoloni yenye bati lililochakaa. Maabara ilikuwa bafu. Hadubini ilikaa juu ya ubao uliofunika beseni la kuogea, na ukitaka kunawa mikono ulimwomba anayetazama ahame kwanza. Nikajiambia, Yusufu, umepatikana.

Mkuu wa chumba kile alikuwa Madamu Salome, mama wa Kilugbara aliyeshughulika na mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale. Alinipa chupa ndogo, kibanio na wavu, akanituma kwenye kijito kimoja kwetu Koboko nimletee mbung'o walio hai. Kwetu kabisa, nikajua nitang'ara. Nilirudi na chupa zimejaa, nikazipanga mezani kama mwuza karanga. Madamu akatazama chupa ya kwanza, akatazama ya mwisho, akasema, "Hawa ni nzi wa ng'ombe. Umeniletea nzi wa ng'ombe kutoka Koboko, na hapa nje wapo." Kisha akanionyesha: mbung'o akitua hukunja bawa moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Mwingine yeyote haketi hivyo. Nikarudi Koboko siku ileile, sikuaga hata nyumbani.

Mama yule hakuvumilia neno "kama hivi". Ukimwambia mitego iko kama ishirini, alikuuliza kama ishirini ni ngapi, na usipojua ulipanda pikipiki tena. Alitukataza manukato na sabuni ya kunukia tukienda porini. Alitufundisha kuandika lebo kwa penseli, maana spiriti hufuta wino na utabaki na chupa ya wadudu wasio na kwao. Hilo lishikeni. Nawaona siku hizi na kalamu zenu za rangi, nanyamaza, lakini moyoni naungua.

Kisa cha vitambaa bado kinanichekesha. Tulikuwa tunachomeka vitambaa vidogo vya buluu kandokando ya vijito, vimetiwa dawa, mbung'o akija anagusa anakufa. Vikaanza kupotea. Tukachomeka vingine, navyo vikaenda. Madamu Salome akafikiri ni upepo, mimi nikafikiri ni wivu wa idara nyingine. Jumapili moja yeye akaenda kusali kanisa la upande ule, akakuta kwaya nzima imevaa tai za buluu. Alikaa misa yote akiimba nao. Baadaye akamwendea mwalimu wa kwaya, na mwalimu akamjibu bila aibu, "Madamu, tangu tuvae hii, nzi hapana ingia kanisa." Madamu alicheka mpaka akatafuta benchi. Kisha akawanunulia kitambaa kingine, akavikusanya vya dawa, akawaonyesha namna ya kunawa. Kazi ikaendelea.

Ukifanya kazi chuo kikuu usidhani utafanya kitu kimoja. Mafundi tulikuwa wachache, na kila mwenye swali lake alikuja kubisha. Nimepanda dari la ofisi za serikali pale Arua Hill kuwahesabu popo, karani akiniuliza kutoka chini kama hao popo wanalipa kodi. Nimebeba maji ya visima vya kambi za wakimbizi kwenye masanduku ya barafu, nikiomba Mungu njia ya Koboko isitukwamishe. Nimeonja asali na wafanyabiashara kutoka Kongo waliotuapia kwamba "mutu wa Arua anapenda asali yenye harufu ya tumbaku", na kweli tukaikuta hiyo harufu, ingawa hatukupata aliyeipenda. Nimeshika kinasa sauti wakati wazee wa Kikakwa wakimtajia mtafiti wa lugha majina ya harufu. Wallahi sikujua lugha yangu ina jina la harufu ya mbuzi aliyenyeshewa.

Na kumbikumbi je? Profesa mgeni alikuja na chombo cha kunasa mtikisiko wa ardhi, alitaka kujua kama kumbikumbi hutoka kwa sababu ya mvua au kwa sababu akina mama wanagonga vijiti juu ya kichuguu. Akina mama wakagonga, kumbikumbi wakatoka, profesa akauliza wanafikiri ni kwa nini. "Inakuja kwa sababu tunaita," wakamjibu, wakashangaa mtu mzima anauliza hivyo. Alipata alichotaka kwenye chombo chake. Sisi wengine tulikaanga matokeo tukayala kwa chumvi.

Nilipenda hivyo, kuruka kutoka swali hadi swali. Mtu wa miguu isiyotulia kama mimi angekufa mapema kwenye kazi ya dawati moja. Kila mradi uliniingiza kwenye nyua za watu, nikala nao, nikauliza maswali yangu, nikaondoka. Na kuondoka ndiko nilikokuwa hodari. Mradi ukiisha mimi tayari niko kwenye mwingine, wale watu wa nyuma nikiwakumbuka kwa jina la mdudu wao.

Basi nifike Inde.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilipewa kumsaidia binti mmoja aitwaye Candiru, aliyekuwa anasoma shahada ya udaktari wa kilimo. Binti wa Kilugbara, mwembamba, anaongea polepole, lakini akianza kazi hana mchezo. Madamu Salome wakati huo alikwisha kwenda kwao kupumzika, na mara nyingi nikimtazama Candiru niliona angempenda. Alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia, "Mzee Yusufu, wewe unajua mbung'o. Mihogo nitakufundisha mimi." Nikapenda hapohapo.

Mihogo ya upande ule ilikuwa inaumwa. Kulikuwa na batobato, majani yanajikunja na kuwa na madoa ya njano, na kulikuwa na ile michirizi ya kahawia, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu juu mmea unaonekana mzima, ukichimba unakuta mzizi umeoza ndani, mkavu, wa rangi ya kutu. Mama analima mwaka mzima, siku ya kuvuna analia. Candiru alikuwa na aina mpya ya muhogo iliyostahimili magonjwa yote mawili, vikonyo vyake vyekundu, huwezi kuikosea. Swali lake lilikuwa rahisi: watu wa kawaida, kwenye mashamba yao ya kawaida, wakipanda aina hii kwa misimu mitatu, mavuno yatabadilika kiasi gani?

Ili ujibu hivyo unahitaji vijiji viwili. Kimoja unakipa vijiti vya kupanda vya aina mpya. Kingine hukipi kitu, kinaendelea na muhogo wake, nawe unapima vyote viwili. Mashamba ya kijiji cha pili tunayaita mashamba ya kulinganisha. Bila hayo huna jibu, una hadithi tu. Candiru aliitisha mkutano kwenye kijiji hicho cha pili, akawaambia wazi. Akasema msimu wa tatu ukiisha nao watapewa vijiti, bure, vya kutosha. Akasema lakini kabla ya hapo, vijiti vya aina nyingine vikiingia katika shamba tulilolipima, kazi yake itakufa. Wakakubali. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Mama Letaru, mama mnene wa sauti nzito, akainuka akasema, "Mtoto, tumesikia. Katika shamba hapana ingia kitu."

Sasa sikilizeni kosa letu, maana tulilifanya sote wawili na tulilifanya kwa kujivuna. Vijiji vile vilitenganishwa na kijito. Ng'ambo hii ukoo mmoja, ng'ambo ile ukoo mwingine, na koo hizo mbili zilikuwa na ugomvi wa miaka juu ya bonde la kulishia ng'ombe. Wanaume wao hawakusalimiana. Kanisani walikaa pande mbili. Soko la Inde hawakununuliana hata chumvi. Mtafiti mgeni angeona kijito kidogo akasema hakitoshi kuzuia kitu. Sisi wenyeji tukaangalia ule ugomvi tukafurahi. Tukasema hapa hata kijiti kimoja hakitavuka, chuki hii ni bora kuliko ukuta.

Msimu wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili ukaenda vizuri. Ng'ambo ya vijiti vipya mihogo ilinawiri mpaka watu wa barabarani wakasimama kutazama. Ng'ambo ya kulinganisha mihogo ilikuwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Candiru alihuzunika akipima, lakini takwimu zilikuwa safi. Ukabaki msimu mmoja. Fedha za mradi zilikuwa zinaishia hapohapo, na muda wake chuoni pia. Baada ya msimu ule ama ni Daktari Candiru, ama ni binti aliyepoteza ujana wake mashambani.

Tulikuwa tunapita kwenye shamba la mjane mmoja, Mama Onzia, mwishoni mwa msimu wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nikaona mstari mzima wa vikonyo vyekundu. Nikasimama. Candiru akanigonga mgongoni kwa sababu hakutegemea nisimame, kisha naye akaona. Alichuchumaa akashika jani moja, akaligeuza, akaligeuza tena.

Mama Onzia alikuwa jikoni kwake, akaja akipangusa mikono. Kilugbara changu kimepinda, na wao wakinihurumia walizoea kutumia Kiswahili chetu cha sokoni nikiwapo. Candiru akamuuliza, kwa upole kabisa, vijiti hivi vimetoka wapi.

"Iko ya mama yangu," akasema. "Mama yangu iko ng'ambo."

Hapo ndipo damu ilipotupanda usoni, mimi na Candiru kwa pamoja. Mlugbara haoi ndani ya ukoo wake. Wanaume wa kijiji hiki walioa wapi basi? Ng'ambo ya kijito, karibu wote, kabla ya ugomvi na hata baada yake. Kila jiko la upande huu lilikuwa na mwanamke aliyezaliwa upande ule. Na binti akienda kumsalimia mama yake hurudi na mbegu, ndivyo ilivyo tangu zamani: ufuta kidogo, mbegu za boga, na vijiti vya muhogo vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Tulihesabu koo kwa wanaume, tukasahau wanaume hao waliletewa chakula na nani.

Tukampelekea habari Dakta Ezaruku, msimamizi wa Candiru chuoni. Si mtu mbaya, lakini hana maneno mengi. Alisikiliza akiwa anamenya chungwa. Akasema, "Mng'oe vile vijiti vyote, halafu mkague mashamba mengine yote. Mkikuta kimoja tena, utafiti umekwisha." Candiru akamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo, kufunga leo.

Asubuhi tukaenda na majembe mawili. Sijawahi kuchukia kubeba jembe kama siku ile. Mama Onzia alituona tangu mbali, akasimama katikati ya shamba lake, mikono kiunoni. Wala hakupiga kelele.

"Mimi sina shamba mbili," akamwambia Candiru. "Niko na hii tu. Nilikaa msimu moja na ile mgonjwa, nilivuna taka. Ya pili, mama yangu akasema, wewe utakufa na watoto kwa sababu ya karatasi ya mutu? Akanipa hii. Sasa wewe ng'oa. Lakini uniambie kwanza watoto itakula nini."

Candiru alishika mpini wa jembe muda mrefu. Mimi niliangalia miti, niliangalia viatu vyangu. Moyoni, nisiwadanganye, nilikuwa nataka ang'oe. Misimu miwili tumepima, jua na mvua, na sasa kila kitu kinasimama juu ya mistari michache ya mjane mmoja. Tungeweza kumnunulia unga. Nilitaka hata kusema hivyo. Yeye akaweka jembe chini, akasema kwa Kilugbara maneno ambayo niliyaelewa vizuri, "Mama, kula muhogo wako."

Tulirudi kwa Dakta Ezaruku, na safari hii Candiru alisimama hakuketi. Akasema hatang'oa. Akasema shamba lile litolewe kwenye hesabu na iandikwe waziwazi kwa nini limetolewa. Dakta akamtazama mpaka mimi nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Mwishowe akasema haya, lakini mashamba mengine yakaguliwe moja moja, na yote yawe safi. Yote. Alirudia neno hilo.

Tukakagua. Jamani, tulikagua. Tulipita kila tuta kwa magoti, tukageuza majani mpaka vidole vikawa vyeusi. Kila nilipoona kikonyo chenye wekundu kidogo moyo ulinidunda, kumbe ni jua la jioni. Usiku nilikuwa silali, Mama Zubeda akinifukuza kitandani nikalale kwenye kochi kwa sababu ya kugeukageuka. Tulipofika shamba la mwisho, la Mama Letaru mwenyewe, Candiru alikuwa amekonda. Likawa safi. Yote yalikuwa safi, yaani yote yalikuwa yanaumwa, mihogo imejikunja, ya kuhuzunisha, na sisi tukashikana mikono katikati ya ugonjwa ule tukicheka kama watu waliopona.

Mama Letaru akatuita tule. Akina mama wa kikundi walikuwepo wote uani, hata Mama Onzia, aliyekaa pembeni kidogo. Wakaleta majani ya kunde yaliyopikwa na simsim, yaani ufuta, pamoja na enyasa, ule ugali wetu wa muhogo. Candiru alikuwa anawashukuru, anawaambia msimu mmoja tu umebaki, wapande kama walivyopanda, kisha ahadi ya vijiti itatimia. Mimi nilikuwa na njaa. Nikamega tonge.

Enyasa ilikuwa nyeupe. Nyeupe, laini, inanukia unga mpya, na sufuria ilikuwa kubwa, na nyuma yake ilikuwapo sufuria nyingine. Nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka kwenye shamba ambalo ukichimba shina zima hupati mzizi mmoja usio na kutu. Muhogo ule mbovu ukiusaga unatoa unga mchungu wa rangi ya vumbi. Nikaweka tonge chini.

"Mama Letaru," nikasema, "hii muhogo imetoka wapi?"

Mama mmoja akainuka kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo. Mama Letaru akakunja kitenge chake magotini, akakikunjua. Mama Onzia ndiye aliyesema, na alisema kwa hasira ya mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa siku nyingi.

"Waambie. Mbona mimi tu ndio nimekamatwa? Mzee, simama, enda angalia nyuma ya jiko ya kila mutu. Hawa iko na nafasi. Mimi sina, ndio maana mimi nilipanda katika shamba."

Tukaenda kuangalia. Nyuma ya jiko la Mama Letaru, baina ya ukuta na migomba, kulikuwa na muhogo wa vikonyo vyekundu mrefu kunizidi. Nyuma ya jiko la pili vilevile. La tatu vilevile. Kila binti alikwenda kumsalimia mama yake, kila mmoja akarudi na vijiti, tangu msimu wa kwanza kabisa. Candiru alikuwa anatembea mbele yangu, na mimi nilimwona mabega tu.

Tuliporudi uani alimgeukia Mama Letaru. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini basi mliendelea kupanda ile mgonjwa?"

Mama Letaru akashangaa, kama wale akina mama wa kumbikumbi walivyomshangaa profesa. "Si wewe ulisema," akamjibu. "Ulisema katika shamba hapana ingia kitu. Hakuna kitu iliingia. Ya kula tuliweka jikoni."

"Lakini mmelima. Mmepalilia. Misimu miwili mmepalilia kitu kinachooza."

"Mutu anakuja kwako kutafuta muhogo mgonjwa," Mama Letaru akasema, "utamwambia haiko? Wewe uko mtoto wa watu. Ulikuja na viatu imejaa matope, unapima, unaandika. Tukasema huyu asirudi kwa wazee wake bila kitu. Ile jembe ya kupalilia iko nzito, ndiyo, sitakudanganya. Mgongo inauma. Lakini tulisema msimu tatu, tutafika."

Mwingine akaongeza kwamba mume wake amemtukana sana juu ya shamba lile, eti anapoteza ardhi ambayo ingelimwa mtama, naye akamwambia mume wake anyamaze, ni kazi ya shule ya mtoto.

Candiru aliketi chini palepale, kwenye vumbi, na nguo yake safi. Alilia, na akina mama wakamwacha alie. Mimi nilikuwa nimesimama, sikuweza kukaa. Kichwani nilikuwa napiga hesabu kwa kasi. Mashamba tuliyopima yalikuwa safi, kweli kabisa, hakuna aliyedanganya. Mjane ametolewa kwenye hesabu. Msimu mmoja tu. Wenyewe wako tayari, wameshasema watafika. Dakta aliuliza mashamba, hakuuliza nyuma ya majiko. Nilimtazama Candiru nikawa namwomba kwa macho, mwanangu, nyamaza, futa machozi, sema asante.

Mama Letaru akamwinamia. "Sasa msimu inakuja. Tumekungoja wewe useme. Tupande tena ile mgonjwa, ama tuache?"

Candiru akajipangusa uso kwa kiganja. Aliangalia shamba, lile la kulinganisha, aliloliangalia kwa misimu miwili mpaka akajua kila shina. Akasema, "Acheni, mama. Acheni kabisa."

Kisha akaomba jembe. Aliingia yeye wa kwanza, akang'oa shina la kwanza, na la pili, akina mama wakamfuata, na Mama Onzia akiwa miongoni mwao. Nami nikaingia, maana ningefanya nini. Jua lilipozama shamba lilikuwa tupu na hakukuwa tena na chochote cha kulinganisha.

Hakupata ile shahada. Msimu ule hakuipata, na fedha zilipokwisha chuo hakikumwongezea muda. Dakta Ezaruku alimpigania, nasema hilo kwa haki yake, lakini hakufua dafu. Leo Candiru anauza mbegu pale Inde, na ninyi mkimpita mnamwita Madamu tu. Nikienda sokoni huwa nasimama kumsalimia. Haonekani kama mtu anayejutia kitu, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Kinachonitoa kitini ni kingine. Huwa najiuliza kama wangeniuliza mimi, pale uani, enyasa ikipoa, ningejibu nini. Nimezunguka Awindiri nzima na swali hilo. Mimi nafikiri ningewaambia wapande.